Dozi moja, kabla ya kisu

Antibiotiki ya kukinga kidonda cha upasuaji inatakiwa iwe imeshaenea kwenye damu na nyama pale kisu kinapogusa ngozi. Ikichomwa baadaye, bakteria wameshajibanza kwenye damu iliyoganda na kwenye nyuzi, na hapo dawa huwafikia kwa shida. Mwaka 1992 watafiti wa Salt Lake City, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 2,847. Waliochomwa ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa walipata maambukizi kwa asilimia 0.6, waliochomwa mapema zaidi, asilimia 3.8. Kuwahi mno nako ni kosa.

Ndiyo maana dozi isitolewe wodini. Mama anayesubiri kujifungua kwa upasuaji anachomwa saa 3 asubuhi, thieta inapata dharura nyingine, umeme unakatika, anakuja kupasuliwa saa 7 mchana. Faili linasema amepata dawa, lakini mwilini nguvu yake imeshapungua.

Kazi hii apewe mtaalamu wa usingizi. Antibiotiki yenyewe ni sefazolini, gramu 2 kwenye mshipa (gramu 3 kwa mwenye kilo 120 au zaidi), isukumwe taratibu kwa dakika 3 hadi 5, ndani ya dakika 60 kabla ya kupasua. Mgonjwa aulizwe kwanza kama kuna sindano iliyowahi kumvimbisha uso au kumbana pumzi. Ni vizuri dawa itangulie ganzi ya mgongoni, ili presha ikishuka ghafla ijulikane chanzo ni kipi. Kwa upasuaji wa kujifungua, zamani ilisubiriwa mpaka kitovu cha mtoto kibanwe, kwa kumwogopea; Shirika la Afya Duniani sasa linashauri akina mama wapewe kabla ya ngozi kukatwa. Kwa mguu unaofungwa mpira wa kuzuia damu, dawa yote iwe imeingia kabla mpira haujakazwa.

Saa na dakika ziandikwe ubaoni. Zikipita saa nne tangu dozi na upasuaji bado unaendelea, au damu iliyopotea ikizidi lita 1.5, dozi irudiwe.

Mshono ukishafungwa, basi. Siku tano za antibiotiki nyingine, seftriaksoni na metronidazo, wodini hazikingi kidonda zaidi. Zinaharisha, zinazalisha usugu wa bakteria kwa dawa, na ndugu wanatumwa duka la dawa kwa fedha ambayo ingenunua chakula cha mzazi. Mrija wa kutoa majimaji nao si sababu ya kuendelea. Ila utumbo ukikutwa umetoboka, au mama ana homa na maji ya uzazi yananuka, hayo ni maambukizi tayari: hapo mnatibu, na dozi ni za matibabu.

Kidonda kikivimba na kuuma siku ya tano au ya saba, msikimbilie kubadilisha sindano. Fungueni nyuzi pale palipotuna, usaha utoke, chukueni sampuli ya maabara, kisha safisheni.