Anza kwenye bendera, rudi kwenye tii

Kadi yangu ya gofu ninayo bado. Imekunjamana, imelowa jasho, ila namba inasomeka: 11. Shimo lenyewe, yaani njia nzima kutoka unapoanzia hadi tunduni, lilikuwa la mikwaju minne: mchezaji mzuri hulimaliza kwa minne. Nililimaliza kwa kumi na moja mbele ya wenzangu watatu, mmoja wao baba mkwe wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika fimbo. Alinitazama, akaitazama kadi, akasema, "Pole, mwanangu. Hiyo sasa si alama, ni timu nzima ya mpira."

Gofu nimeianza nikiwa na miaka arobaini, mgongo umeshaanza kudai chake. Handikapu yangu, yaani mikwaju ya nyongeza ninayopewa kwa mzunguko mzima, ni 20. Wa kukufundisha kupiga mpira yadi 280 yupo, nenda kamtafute. Mimi nitakueleza namna ya kulisoma shimo kabla hujaligusa, maana hapo ndipo nilipokuwa nikimwaga mikwaju, na hapo ndipo nimeipunguza bila kubadilisha hata kidogo ninavyopiga. Kwetu Dar watu wanacheza Gymkhana, pale mjini karibu na bahari, au Lugalo kwenye uwanja wa jeshi. Vyote ni viwanja vya mashimo 18. Sitataja shimo kwa namba, kwa sababu haya ninayosema utayabeba popote, hata ukienda Arusha au Morogoro.

Turudi kwenye ile timu ya mpira. Mkwaju wa kwanza nilipiga kwa draiva, fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, mpira ukapinda kulia ukatulia nyuma ya mkwaju, nasema mti sasa, wa ukwaju kabisa. Kati ya shina na tawi la chini kulikuwa na uwazi kama wa dirisha la choo. Kedi wangu, mbeba fimbo, kijana mpole, akaniambia, "Bosi, toa pembeni kwanza." Nikamwambia naona njia. Mkwaju wa pili ukagonga shina, mpira ukarudi nyuma yangu. Wa tatu ukapita kweli, furaha ya sekunde mbili, ukaenda kuzama mtaroni. Wa nne ni adhabu. Wa tano ukaingia banka, kile kidimbwi cha mchanga. Wa sita mchanga umeruka, mpira haujaruka. Wa saba hivyohivyo. Wa nane ukavuka grini, lile zulia la nyasi lenye tundu, wa tisa ukarudi, wa kumi ukasimama karibu na tundu, wa kumi na moja ukaingia. Kedi hakusema neno. Alifuta fimbo tu.

Usiku nilikaa nikahesabu. Ningemsikiliza yule kijana, wa pili ungekuwa wa kutokea pembeni, wa tatu kusogea mbele ya mtaro, wa nne kupanda grini, mikwaju miwili ya kusukumia tundu. Sita. Kosa la kwanza la draiva lilinigharimu mkwaju mmoja tu. Mengine yote niliyalipia kiburi cha mkwaju wa pili.

Tangu siku ile silichezi shimo kuanzia mbele yangu. Nikifika kwenye tii, pale pa kupigia mkwaju wa kwanza, naitafuta bendera kwanza, nauliza: ili nipande grini pale kwa usalama, mkwaju wangu wa mwisho wa kuingilia upigwe kutoka wapi? Nikishapapata, nauliza tena: ili nifike hapo, mpira wa kwanza uangukie wapi? Ndipo natoa fimbo kwenye begi. Sheria inaniruhusu kubeba fimbo 14, na kwa mashimo mengi ya mikwaju minne jibu huwa si draiva. Bendera ikiwa kulia nyuma ya banka, mara nyingi upande wa kushoto wa feawei, ile njia ya nyasi fupi kati ya tii na grini, ndio unaokupa mlango. Mpira ulio yadi 20 nyuma lakini upande ulio wazi ni bora kuliko ule uliofika mbali ukakaa mgongoni mwa mchanga. Hili wachezaji wa kulipwa wanalijua usingizini. Sisi wa Jumamosi tunaona mwanya tu wa kuonyesha nguvu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo naona watu hawalitumii: handikapu yenyewe. Kwenye kadi kila shimo limepangiwa namba ya ugumu, 1 hadi 18, na 1 ndilo gumu kuliko yote. Mwenye handikapu 20 kama mimi ana mkwaju mmoja wa nyongeza kila shimo, halafu mmoja zaidi kwenye mashimo mawili magumu kabisa. Maana yake shimo la mikwaju minne, kwangu mimi ni la mitano, na likiwa miongoni mwa yale mawili magumu kabisa, ni la mikwaju sita. Nilichukua kalamu, nikaandika upya kadi yangu nzima nyumbani, mezani, mke wangu akiniuliza kama ni kazi ya ofisini. Ukiona 5 mahali palipoandikwa 4, mkono unatulia. Huna tena haja ya kufika grini kwa miwili. Fika kwa mitatu, sukuma miwili, umemaliza deni.

Mashimo marefu, yale ya mikwaju mitano, ndiyo yanayomfaa zaidi mtu wa aina yangu, ingawa nilikuwa nikiyaogopa. Chukua la yadi 470. Mimi fimbo ya wudi namba tano inanipa yadi 190, haibridi 170, aironi tisa 110. Jumlisha. Ni 470 kamili, na draiva haijatoka begini. Wengi hupiga draiva, kisha wudi kwa nguvu zote ili "wasogee," wanaishia kubaki na yadi 40, na yadi 40 ni mkwaju mgumu usio na mazoezi, nusu nguvu nusu woga. Bakiza umbali unaoupenda. Mimi wangu ni 110, na nimeujua kwa kwenda uwanja wa mazoezi asubuhi tatu mfululizo na daftari, nikihesabu mpira unapodondokea, siyo unaposimama baada ya kubingirika. Kiangazi kikiwa kikali ardhi ya Dar inaubingirisha mpira hadi unajidanganya.

Na upepo. Anayecheza Dar bila kujua msimu wa upepo ni kama nahodha aliyelala. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi ni kaskazi, halafu masika yakishaingia kusi inashika hadi kama Septemba. Shimo moja lile lile nililolipiga kwa aironi saba mwezi Januari, Julai lilinitaka aironi tano, inayopiga mbali zaidi. Asubuhi saa moja bendera imelala kama nguo kwenye kamba. Ikifika saa tano bahari imeamka, na mashimo yako ya mwisho ni mengine kabisa na yale uliyoanzia. Upepo ukikujia usoni, ongeza fimbo mbili, yaani chukua inayopiga mbali zaidi kwa ngazi mbili, kisha piga taratibu. Nilichukua miaka kulikubali hili, kwa sababu mwili unataka kupiga kwa nguvu. Ukipiga kwa nguvu unauzungusha mpira zaidi, unapaa juu, unasimama hewani kama kishada, halafu unashuka karibu na miguu yako. Upepo wa mgongoni nao usiuamini sana: unachokupa ni kidogo kuliko kile ambacho wa usoni hukunyang'anya.

Wageni kutoka Arusha na Nairobi huwa nawahurumia. Kule juu, Arusha ni kama mita 1,400, hewa nyepesi, mpira unasafiri. Wakishuka huku usawa wa bahari, kila mpira unapungua, na mashimo mawili matatu ya kwanza wanatazama fimbo zao kama zimewasaliti. Ukiwa mgeni ongeza fimbo moja, usisubiri kuambiwa.

Mashimo mafupi ya mikwaju mitatu sina mengi. Lenga katikati ya grini, hata bendera ikikukonyeza kutoka pembeni. Anayeiweka bendera karibu na banka siku ya mashindano anajua anachofanya. Chukua fimbo itakayofika katikati ukiipiga kawaida, siyo ile uliyowahi kufika nayo siku moja mwaka juzi.

Mvua za masika zina sheria zake, na ukizijua unaokoa mikwaju bila jasho. Dimbwi la mvua mahali ambapo kwa kawaida hapana maji ni maji ya muda, unahamisha mpira bila adhabu hadi mahali pa karibu palipo pakavu, pasipo karibu zaidi na tundu. Mpira ukijizika kwenye shimo lake mwenyewe topeni, nje ya banka, hapo pia unautoa bure. Mpira uliouhamisha siku hizi unaudondosha kutoka usawa wa goti, siyo bega, tangu sheria mpya za 2019. Mwaka huohuo muda wa kutafuta mpira ulipunguzwa kutoka dakika tano hadi tatu, kwa hiyo yule rafiki yako anayefukua majani kama anatafuta pete ya ndoa mwambie basi. Na kwenye banka iliyolowa usiufungue sana uso wa fimbo, yaani usiulaze sana uelekee juu: mchanga mzito unaurusha mpira haraka. Mchanga mkavu ndio wa kufungua uso wa fimbo, kupiga mchanga kama vidole vitatu nyuma ya mpira, na kuendelea na mkono hadi mwisho. Siku ile ya mikwaju kumi na moja nilikuwa nikisimamisha mkono katikati kila mara. Nilikuwa nikiuogopa mchanga.

Kunguru nao. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kusafisha taka, leo wamejaa Dar nzima na wengine wamejifunza gofu. Nilikuwa nimeweka mpira mzuri, mweupe, mita moja kutoka grini. Akatua mmoja, akauangalia kwa jicho moja, akaugeuza kwa mdomo, akauangalia kwa jicho la pili, akaondoka nao juu ya mwembe. Kedi alicheka mpaka akakaa chini. Mradi mmemwona, huna adhabu: unaweka mpira mwingine pale ulipokuwa. Usiupige kutoka chini ya mwembe, kama nilivyotaka kufanya kwa hasira.

Kwenye grini, zetu za nyasi za Bermuda, jambo la kutazama ni jinsi nyasi zilivyolala. Simama nyuma ya mpira, tazama kuelekea tundu. Ukiona grini inametameta, nyasi zimelala kwenda mbele, mpira utakimbia. Ukiona kijani kizito, kama kimeingia kivuli, zinakupinga, sukuma kwa nguvu zaidi. Tundu lina upana wa milimita 108 tu, lakini kutoka hatua kumi usilifikirie tundu. Fikiria beseni la kufulia lililowekwa chini, na mpira usimame ndani yake. Mikwaju mitatu kwenye grini huja kwa sababu ya umbali, mara chache sana kwa sababu ya mwelekeo. Fimbo hiyo ya kusukumia makedi wanaiita pata. Asiye na subira nayo hapati.

Shimo la mwisho ndilo linalowaharibia watu siku. Mwaka 1999, kwenye mashindano makubwa ya The Open huko Carnoustie, Scotland, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la 18 akiongoza kwa mikwaju mitatu. Shimo la mikwaju minne. Hata angelimaliza kwa sita angekuwa bingwa. Akatoa draiva, ukaenda kulia. Wa pili akataka kufika grini moja kwa moja, ukagonga jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye nyasi ndefu. Wa tatu ukazama kijitoni. Akavua viatu na soksi, akaingia majini akifikiria kuupiga kutoka mle. Akaachana na wazo hilo, akalipa adhabu, akapitia banka, akamaliza kwa saba. Akawa amefungana na wengine wawili, wakaenda kucheza mashimo ya kuamua, na mmoja wao, Paul Lawrie, akachukua kombe. Yule ni mchezaji wa kulipwa. Mimi nina nini cha kunizuia nisivue viatu?

Miezi mitatu baada ya ile kumi na moja tulirudi, baba mkwe na mimi, na kedi yuleyule. Kwenye shimo lilelile nilitoa aironi tano kwenye tii. Baba mkwe akauliza kama draiva imeibwa. Mpira ukakaa katikati, mfupi, bila aibu. Wa pili niliuweka mbele ya mtaro kwa makusudi, hatua kumi na tano kabla ya maji. Wa tatu ukapanda grini. Nikasukuma miwili. Tano.

Yule kijana akachukua bendera, akairudisha kwenye tundu, akaniambia kwa sauti ya chini ili mzee asisikie, "Bosi, leo umecheza kizee."

Nikamwongezea ya madafu.