Usipige Windows upya kabla hujajua DLL gani inagombaniwa

Steshenari nyingi za Nyegezi na Malimbe, Mwanza, zinategemea kompyuta moja kwa kila kitu: kuchapa ripoti za wanachuo, kusanifu kadi za harusi, hesabu za duka, na madereva ya printa mbili tatu. Ikiingizwa programu mpya, ya zamani inagoma. Mara meseji inadai msvcp140.dll haipo, mara inatoka namba 0xc000007b, na fundi anakimbilia kupiga Windows upya. Mwenye duka anapoteza siku ya kazi, na asipokuwa makini anapoteza na mafaili yake. Mara nyingi hakukuwa na haja.

DLL ni faili la msimbo ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja. Ugomvi huanza pale programu mbili zinapotaka matoleo tofauti ya faili lenye jina lilelile. Kwa kawaida Windows hutafuta kwanza ndani ya folda ya programu yenyewe, kisha System32 (folda ya mafaili ya mfumo), kisha folda ya Windows, na mwishoni folda zilizotajwa kwenye PATH, yaani orodha ya folda za ziada za kupekua. Ikikuta jina, inachukua hapohapo. Haiendelei kutafuta toleo linalofaa zaidi. Kwa hiyo DLL mbovu iliyoachwa kwenye folda ya programu huizuia programu hiyo isilifikie faili zima lililoko System32.

Anza na jina lililotajwa. Likianza na msvcp, msvcr au vcruntime, kinachotakiwa ni Visual C++ Redistributable, kifurushi chenye DLL hizo, kutoka tovuti ya Microsoft. Msvcr100 ni ya toleo la 2010, msvcr110 ni 2012, msvcr120 ni 2013; zenye 140 zinatoka kwenye kifurushi kimoja kinachoanzia 2015. Matoleo ya zamani hayafidiwi na jipya, kwa hiyo usiyafute ukidhani yanajaza diski. Kwenye Windows ya biti 64 weka x64 (ya biti 64) na x86 (ya biti 32) zote mbili, maana programu nyingi za zamani ni za biti 32. Weka vifurushi hivi kwenye flashi yako, usimalize bando la mteja.

Namba 0xc000007b mara nyingi maana yake biti 32 na 64 zimechanganywa. Hapa wengi hujikwaa: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Tafadhali, usipakue DLL moja moja kwenye tovuti za mitaani na kuitupia System32. Hujui toleo lake, hujui biti zake, na inaweza kuwa na virusi.

Kama bado, fungua Process Monitor, programu ya Microsoft inayoonyesha kila faili linalotafutwa, kisha chuja kwa jina la programu na njia zinazoishia .dll. Mistari ya NAME NOT FOUND isikutishe, kwani Windows inapita folda moja baada ya nyingine. Tafuta faili ambalo halikupatikana popote, au lililopatikana kwenye folda isiyo yake. Hilo la pili liongezee .old mwishoni mwa jina, ujaribu tena. Usilifute mpaka uhakikishe.

Umeme ukikatika katikati ya masasisho, mafaili ya Windows yenyewe yanaweza kuharibika. Fungua cmd (dirisha la amri) kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth inayokarabati akiba ya mafaili ya Windows, ikimaliza ndipo sfc /scannow inayorudisha yaliyoharibika. DISM huvuta mafaili kwenye intaneti. Bando likiwa dogo, ielekeze kwa /Source kwenye ISO (faili la kusakinishia) ya toleo lilelile la Windows, uongeze /LimitAccess ili isiende Windows Update.

Zikibaki programu mbili ambazo kila moja inadai toleo lake, usizilazimishe zikubaliane ndani ya System32. Chukua DLL kutoka kisakinishi halisi cha kila programu, uiweke kwenye folda ya programu hiyo, kando ya .exe yake. Kwa kawaida zote mbili zitafunguka.