Penseli na Daftari: Maswali Yenu

*Mwalimu, kunakili picha za mabwana wa zamani wa uchoraji si wizi? (Msomaji, Kisauni)*

Wizi ni kutia sahihi yako na kuuza kana kwamba wazo ni lako. Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, alinakili zaidi ya michoro 20 ya wachoraji wa ikulu za wafalme wa Mughal, India, ilhali hakuwahi kutoka Uholanzi. Mchoraji Van Gogh, akiwa amelazwa hospitalini Saint-Rémy, Ufaransa, mwaka 1889, alichukua kazi za Millet, mchoraji Mfaransa wa maisha ya wakulima, zilizochapwa kwa nyeusi na nyeupe, rangi akazitia mwenyewe. Wakulima ni wa Millet, jua ni la Van Gogh. Andika pembeni umenakili kwa nani, basi.

*Nakala zangu hufanana na asili lakini zimekufa. Nakosea wapi?*

Unafuata ukingo wa umbo tu. Itazame picha dakika kumi kabla hujagusa penseli, ujiulize: hapa mchoraji aliukandamiza mkono, pale aliuinua kwa nini? Kisha ipindue juu chini. Ikiwa hivyo, jicho halikimbilii pua na mdomo; linaona mistari na vivuli. Mraba wa kupimia, yaani kuigawa picha kwa vijumba, hauna ubaya, ila ukiutegemea kila siku utajua kuhesabu vijumba, si kuona. Nami napenda nakala yenye makosa ya mwenye kutazama kuliko ile safi ya karatasi angavu ya kufuatishia mistari.

*Sina nauli ya kwenda Ulaya kuona picha zenyewe.*

Una nauli ya Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa? Mle mna michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno: meli, samaki, hata kinyonga. Hawakuwa mabwana wakubwa, lakini aliyechora zile kamba na matanga alizijua. Nakili meli moja, halafu tembea hadi Mji wa Kale, uchore kona moja tu ya mlango wa nakshi. Mlango mzima utakushinda.

*Daftari hujikunja kwa unyevu.*

Karatasi nene, lastiki ya kulibana, penseli laini ya 2B, na kipande cha karatasi chini ya kiganja kwa ajili ya jasho.

*Nikichora kwenye feri ya Likoni watu wananichungulia.*

Anza na viatu na migongo. Akikuuliza mtu, "Wanichora mimi?", mwonyeshe ukurasa. Mimi nimewahi kupewa mahamri.