Jibu: Mimi dakika 20, mke wangu saa na nusu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wewe dakika 20 zinakutosha kujiandaa asubuhi na mkeo anatumia saa na nusu, mpaka mnagombana mlangoni. Kabla hujamwita mzembe, kaa siku moja uhesabu anachofanya. Mtu anayewasha jiko la mkaa, anachemsha maji ya kuoga, anaamsha watoto, anapiga pasi sare na kufunga chai hajiandai yeye. Anaiandaa nyumba nzima. Muda wake mwenyewe huenda ni dakika 15 tu, tena za mwisho, za kukimbizana.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mke wangu aliposafiri kwenda msibani nilibaki na watoto wawili. Nimezoea kupanda basi la mwendokasi Kimara, Dar es Salaam, saa 12 na nusu. Siku ile nilifika kituoni saa 2 kasoro, shati halijanyooshwa. Niliona aibu kweli, nikampigia simu kumwomba radhi.

Miili nayo hailingani. Kuna anayefumbua macho akawa mzima papo hapo, na kuna ambaye usingizi humganda kichwani nusu saa au zaidi, hasa akishtuliwa na alamu akiwa usingizi mzito. Huyo hata umfokee, hataharakisha.

Anza hivi: sare zipigwe pasi usiku, na wewe uwashike watoto yeye akiwa anaoga. Sisi tulianza na hilo la watoto tu, na sasa tunatoka pamoja saa 12 na robo.