Barua kwa mwanangu mwenye mafundi saba

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona jana usiku nikasema hii siijibu kwa voisi, ntaandika, na we uisome umekaa, sio umesimama kwenye mashine ya overloki na simu umeibana shingoni. Umeniuliza hivi: ulikuwa na mafundi saba, wawili wameondoka ndani ya mwezi, waliobaki wanashona kama wamelazimishwa, sasa uweke zawadi ya kila mwezi kwa anayeongoza, au uongeze mshahara, au uwatengenezee tisheti zenye jina la ofisi. Tisheti achana nazo. Hayo mengine tuongee.

Miaka yangu 19 kiwandani unaijua, kumi nimekaa kwenye cherehani, tisa supavaiza. Kuna mwaka tulikuwa tunashona mashati ya sare, tageti ya laini yetu ilikuwa mashati 300 kwa siku, meneja akaja akasema mkifikisha 340 kila mtu ana nyongeza yake mwisho wa mwezi. Basi mwanangu, tulishona! Watu walikuwa wanakula mihogo huku mguu uko kwenye pedeli. Wiki ya tatu tukagusa 340, ya nne tukapita. Hela tukapewa kweli, sitasema uongo. Mwezi uliofuata tukakuta karatasi mpya ukutani: tageti 340, nyongeza inaanzia 380.

Hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyegoma. Ila kulikuwa na mama mmoja wa kola, mkono wake mwepesi kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumuona kwenye cherehani, kuanzia siku ile akawa akiona furushi lake limejaa mapema anainuka anaenda kunywa maji, anarudi, anafuta mashine, anatafuta uzi ambao upo mbele yake. Na msichana mgeni akija na haraka zake za ugeni anakatwa jicho moja tu mpaka anaelewa. Hatukufika 340 tena mpaka nahama ile laini, na meneja alienda kulalamika juu kwamba wanawake wa siku hizi wavivu.

Baadaye sana nilipopelekwa kozi ya usimamizi mwalimu akatusimulia kiwanda cha Western Electric kule Hawthorne, karibu na Chicago. Mwaka 1931 mpaka 1932 watafiti waliwakalisha wanaume 14 kwenye chumba kimoja, wanaunganisha nyaya za mitambo ya simu, mtu anakaa pale anawaangalia tu na kuandika. Malipo yalikuwa yanategemea kazi ya kundi zima, kwa hiyo kwa hesabu za ofisini kila mtu alitakiwa akimbize. Wapi! Walikuwa wana kipimo chao wenyewe cha kazi ya siku, anayezidisha anapigwa ngumi ya bega na wenzake. Walikuwa wanaamini wakitoa zaidi ofisi itapunguza malipo au itapandisha kipimo. Darasa zima linaandika, mi nacheka peke yangu, mwalimu akaniuliza mama vipi, nikamwambia hao watu nawajua.

Kwa hiyo bonasi kama unataka weka, ila iwe ya wote, andika kwenye karatasi bandika ukutani, na wakiifikia usiiguse mpaka Desemba hata kama inakuuma. Ikikuuma sana ujue ulikosea hesabu we mwenyewe, sio wao.

Zawadi ya fundi bora mi sikushauri. Najua Mei Mosi tunaona watu wanaitwa mbele wanapewa bahasha, wengine friji, inapendeza na sipingi. Ila kwetu ilifika mahali tunajua mapema mwaka huu ni zamu ya idara gani, sasa hapo nani anajituma? Na we una watu watano, ukimpa mmoja umewanunisha wanne. Halafu niambie, suruali ya shule ni ya nani pale? Yule kakata, huyu kaunga, huyu kaweka zipu, kijana kapiga pasi. Wa pasi atashinda lini?

Kuhusu mshahara, hapo upo karibu na jambo lenyewe lakini umelishika mkiani. Kila anayeongelea mishahara anamtaja Henry Ford, yule Mmarekani wa kiwanda cha magari, Januari 1914 alitangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, wakati kabla yake watu walikuwa wanapata kama dola 2.34 kwa saa 9. Watu wanasifia moyo wake. Ila mwaka 1913 kiwanda chake kiliajiri watu zaidi ya 52,000 ili tu kibaki na kama 14,000, maana ile kazi ya kusimama sehemu moja kukaza nati ileile kutwa nzima ilikuwa inawakimbiza. Kufundisha mtu mpya kila siku ni gharama, bora uwalipe wabaki. Ni hesabu tu. Sehemu ambayo watu hawaisemi ni kwamba ili upate zile dola 5 kamili anakuja mkaguzi nyumbani kwako, anaangalia kama pasafi, kama unakunywa pombe, kama unaweka akiba. Nimekumbuka hiyo kwa sababu umeandika kwamba fundi wa suruali humpi advansi kwa vile atakunywa. Mwanangu, hela ni ya jasho lake. Kama advansi huna sema huna, mambo ya chupa zake muachie mkewe.

Likizo ya siku 28, ovataimu kulipwa mara moja na nusu, hayo umeyaweka kwenye orodha yako ya motisha nikabaki nakodoa macho. Hiyo ni sheria ya kazi hapa Tanzania, ipo tangu 2004, usiende kumtangazia mtu haki yake kama umemnunulia soda.

Nikuambie kitu kilichonipa mimi moyo, maana hukuniuliza. Sindano. Kiwandani ikivunjika unakatwa hela, na jinzi inavunja sindano kama njiti, kwa hiyo mtu akifika kwenye mshono mnene anaenda taratibu, anazungusha gurudumu kwa mkono, roho juu. Akaja supavaiza mpya, baba wa makamo hivi, hana maneno, akaweka boksi la sindano juu ya meza yake bila daftari. Ikivunjika unachukua nyingine unaendelea. Kila mtu alijua zinatoka mfukoni kwake mpaka ofisi ilipoona aibu ikaacha makato. Laini yake ndo ilikuwa inamaliza oda mapema, na mpaka leo nikishika sindano namba 16 namkumbuka. Sasa nimesikia na we unakata hela ya sindano. Nani kakufundisha? Sio mimi.

Na sasa la mwisho ambalo ulitaka nisilijue. Mdogo wako alipokuja wikendi nilimuuliza mishahara ukalipa lini, akasema mwezi juzi tarehe 9, mwezi jana tarehe 14, kwa sababu shule ilichelewa kukulipa sare zao. Shule ikikuchelewesha hiyo kesi yako na shule, mwenye nyumba wa fundi wako hamjui mwalimu mkuu. Msimu wa Januari hela ikiingia tenga mishahara ya mwezi mmoja mzima, iweke kwenye akaunti nyingine kabisa, usinunue mashine mpya mpaka hiyo imekaa. Hao wawili unaowaita hawana shukrani waliondoka tarehe 12, nimehesabu.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, tutakaa na hilo daftari lako la makato. Ila yule dada wa vifungo aliyehamia kwa jirani bado anakudai samahani na siku zake tisa hujamlipa. Mtumie leo, na ya kutolea uweke.

Mama yako.