Mwacheni mama achague mkao

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mama anayejifungua apangiwe mkao na mkunga au achague mwenyewe. Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya kijijini, na nasema achague mwenyewe.

Kulala chali kunatufaa sisi wahudumu: tunaona vizuri na migongo yetu haiumi. Anayeumia ni mama. Tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha huweza kushuka, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Kifandugu nacho, yaani ncha ya chini ya uti wa mgongo, kinachopaswa kusogea nyuma kukipisha kichwa cha mtoto, hubanwa na godoro. Mama anasukuma kama anayepandisha mzigo mlimani.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mama, awe amechomwa ganzi ya mgongoni au la, ahimizwe kukaa mkao anaoutaka, hata wa wima. Kwa wasiochomwa ganzi, tafiti zinaonyesha mikao ya wima hupunguza kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba ili mtoto apite. Lakini huenda wanaopoteza damu zaidi ya nusu lita wakawa wengi kidogo, kwa hiyo oksitosini, dawa ya kubana mfuko wa uzazi ili damu isitoke nyingi, iwe tayari kabla mtoto hajatoka, na vizio 10 mama achomwe pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa.

Wakunga wengi hawakatai kwa ukaidi, wanaogopa. Nakumbuka mama mmoja, uzazi wake wa kwanza, aliyepiga magoti na kung'ang'ania ukingo wa kitanda. Nilitandika mpira na kanga sakafuni, nikapiga magoti nyuma yake, mapigo ya mtoto nikayasikiliza kwa mashine ndogo ya mkononi niliyoipitisha chini ya tumbo. Ukiwa upande ule, kila ulichofundishwa chuoni kimegeuka juu chini, mikono inasita. Hilo linatibiwa kwa mazoezi, tena vyuo viyaanze mapema, mwanafunzi asimzoee mama aliyelala chali peke yake.

Akina mama wenyewe hupanda kitandani wakidhani ndiyo sheria. Kliniki, mimba ikifika miezi saba, huwaonyesha kuchuchumaa, kulala kiubavu na kupiga magoti, nikiwaambia watabadilisha kadiri wanavyochoka. Mama mkwe akiwa amemsindikiza, namwita ndani naye asikie, maana siku ya uchungu huenda yeye ndiye atakayemshika mkono.