Jina lisilo la kike wala la kiume: nimelibeba mwenyewe, nikampa na mwanangu

Dada, nimekuelewa hivi: mtoto yuko njiani, hamkutaka kuambiwa mapema ni wa kike au wa kiume, na mmekubaliana jina liwe Amani kwa yeyote atakayekuja. Wifi yako anasema basi liandikwe Ammany au Amanie lisifanane na ya wengine. Mama mkwe anauliza watu watajuaje kama ni binti au kijana. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili limenipata mara mbili, kwanza kama mwenye jina, baadaye kama mzazi.

Mimi ni mwanamume na naitwa Tumaini. Darasani tulikuwa wawili, mimi na msichana mmoja, na mwalimu alituita Tumaini mrefu na Tumaini mfupi. Hakuna aliyeshangaa. Mpaka leo mtu ambaye hajaniona huniandikia "Dada Tumaini". Nikimpigia simu anasikia sauti, anaomba radhi, tunaendelea na yaliyotukutanisha. Hilo halijawahi kuniuma hata siku moja.

Kilichonitesa ni herufi moja, ile i ya mwisho. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Tumaini, cha shule kimeandikwa Tumain. Aliyejaza fomu alisikia jina likitamkwa harakaharaka, akaandika alichosikia, nami nilikuwa mtoto, sikujua kwamba herufi ni kitu cha kupigania. Miaka ilipita. Siku niliyopeleka vyeti vyote viwili mahali pamoja nikaulizwa huyu mwingine ni nani. Ilibidi niende kula kiapo kwamba Tumaini na Tumain ni mtu mmoja na mtu huyo ni mimi. Karatasi ya kiapo hicho naitunza kuliko vyeti vyenyewe, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Kwa hiyo nikisema nusu ya kazi ya jina iko kwenye tahajia, nasema kwa kilichonipata.

Tuanze na kuchagua. Nawaona wazazi wengi wanaotaka jina la pande zote mbili wakihangaika na orodha ndefu za majina ya kigeni. Sisi tuna mahali pa karibu zaidi pa kuanzia, napo ni sarufi yetu. Sikiliza: "bahati imekuja" ni habari njema, lakini "Bahati amekuja" ni mtu amesimama mlangoni. "Amani imepatikana", vita vimekwisha. "Amani amepatikana", mtoto aliyepotea ameonekana. Kiambishi kimoja ndicho kinachoigeuza bahati kuwa mtu, na hicho a- hakiulizi kama mtu huyo ni wa kike au wa kiume. Kwenye Kiingereza au Kifaransa, ukishataja jina, mara nyingi sentensi ya pili tu inakulazimisha uchague kiwakilishi cha kike au cha kiume. Kiswahili kinakuacha ueleze maisha mazima ya mtu bila kuchagua. Jinsia yetu tunaitaja pengine, kwenye dada, kaka, shangazi, mjomba, bwana na bibi. Jina halilazimiki kuibeba.

Ila si kila neno lililogeuka jina limebaki katikati. Kwa masikio yangu, Neema, Rehema, Pendo na Subira nikiyasikia namwona binti, na Baraka nikilisikia namwona kijana, ingawa nimekutana na wanawake wanaoitwa Baraka. Amani, Imani, Bahati, Riziki, Faraja, Nuru na Tumaini yananifanya nisubiri kumwona mtu kwanza. Huo ndio mtihani ninaouamini. Mtajie jina mtu asiyeijua familia yenu, kisha mwombe akuelezee mtu anayemfikiria. Akijibu bila kusita, jina limeshaegemea upande. Waulize kama watano hivi, wa rika tofauti, kwa sababu wazee na vijana hawasikii sawa.

Na kuegemea kwenyewe hubadilika. Ashley lilikuwa jina la wanaume kwa Waingereza kwa muda mrefu. Kufika 1991 na 1992 ndilo lililoongoza Marekani kwa watoto wa kike. Evelyn na Beverly pia yalipita njia hiyo hiyo. Yakishawaelekea mabinti, wazazi wa wavulana huyaacha, na safari ya kurudi ni nadra. Sisemi hivi kukutisha. Nataka ujue kwamba unachagua jina kwa masikio ya leo, na mtoto ataishi nalo miaka sabini.

Mipaka nayo inageuza. Andrea kwa Waitalia ni mwanamume, kwa Wajerumani ni mwanamke, na ilibidi suala hilo lifike mahakama ya juu kabisa ya Italia, mwaka 2012, ndipo binti akaruhusiwa kubaki na jina hilo. Hapa nakugusia Amani wako moja kwa moja. Kwetu neno hili ni utulivu usio na vita. Kwa Waarabu kuna Amani inayotoka kwenye neno lenye maana ya matamanio, matarajio ya moyo, na hilo ni jina la kike. Kijana wenu akija kusoma au kufanya kazi kati ya Waarabu, watakaosoma jina lake watamtarajia binti. Si sababu ya kuliacha, mimi nisingeliacha. Ni jambo la kumwambia mapema ili lisimshtue akiwa ugenini.

Sisi tulichagua Nuru. Mke wangu ndiye aliyelitaja, usiku, taa imezimika na yeye ana miezi saba, nami nikajua limekwisha. Baadaye nikaanza kuona jinsi watu wa lugha nyingine walivyolifikia wazo lile lile kwa mtoto wa jinsia yoyote: Wajapani wana Hikaru, Kiebrania kina Or, na kwa Wahindi Kiran ni mwale wa mwanga. Kiran hilo liliwahi kufika Mahakama ya Katiba ya Ujerumani. Wazazi walitaka kumpa binti yao, msajili akakataa kwa kuwa halionyeshi jinsia, na mwaka 2008 mahakama ikaamua kwamba hakuna sheria inayolitaka jina la kwanza lionyeshe jinsia ya mtoto, mradi halimdhuru. Niliposoma habari hiyo nilifarijika sana, maana nyumbani tulikuwa tunabishana na watu wale wale wa swali la mama mkwe wako.

Basi jina likapatikana, na ndipo mapendekezo ya herufi yakaanza. Noor, kwa kuwa linapendeza. Nour, kama wanavyoandika waliozoea Kifaransa. Nur, fupi. Na alipozaliwa binti, shangazi mmoja akasema basi liwe Nura, "lijulikane ni la mtoto wa kike". Hilo la mwisho ndilo lililonifumbua macho. Tumezoea Amin na Amina, Karim na Karima, Jamil na Jamila, kwa hiyo a ikiongezwa mwishoni sikio linasikia binti. Jinsia tuliyokubaliana kuiacha nje ya jina ilikuwa inarudishwa na herufi moja. Nikaanza kuona kwamba mtindo huo uko kila mahali. Waingereza walizoea kuandika Leslie kwa mvulana na Lesley kwa msichana. Wafaransa wana Michel na Michèle, Pascal na Pascale, unasikia kitu kile kile lakini karatasi inasema jinsia. Wafaransa hao hao wana Camille, herufi zile zile kwa wote wawili. Mkitaka jina lisiloegemea, fuateni la Camille: andiko moja, ambalo mngelitumia bila kubadilisha nukta kama mtoto angekuwa wa jinsia nyingine. Mkijikuta mnasema "akiwa wa kike tutaandika hivi, akiwa wa kiume vile", jueni mna majina mawili yanayotamkwa sawa.

Sasa Ammany na Amanie. Naelewa anachotaka wifi yako. Anataka mtoto awe na kitu chake peke yake, na hilo ni pendo. Lakini fikiria yatakayotokea. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na kila anayesikia "Amani" mkono wake utaandika A-M-A-N-I bila kufikiri. Kila daftari, kila kadi, kila fomu itakayojazwa na mtu mwingine itatoka hivyo, isipokuwa pale wewe utakapokuwa umesimama kuitetea. Mtoto atakuwa na Ammany kwenye cheti kimoja na Amani kwenye kingine, na atakuja kuapa kama nilivyoapa mimi. Tena Amanie likisomwa Kiswahili lina silabi nne, a-ma-ni-e, na msomaji makini atamwita hivyo. Kanuni niliyojiwekea ni kuandika jina vile ambavyo mtu asiyewahi kuliona angeliandika akilisikia kwenye simu yenye kelele. Upekee utatokana na mwenyewe.

Yakumbukeni na yale yanayotoweka yenyewe. Pasipoti ina mistari miwili ya kusomwa na mashine chini ya ukurasa wa picha, kila mmoja nafasi 44, na kwa majina mashine inajua herufi A hadi Z tu, bila alama yoyote juu. Alama ya ng' inaachwa, kistari cha Nuru-Amani kinageuka nafasi ya kujazia, na nukta mbili za Noël hazionekani. Kama ukoo wenu una ng', msiongeze alama nyingine kwenye jina la kwanza.

Hata tahajia nyepesi haikulindi peke yake. Siku ya kumsajili Nuru nililitamka jina nikaridhika. Mwandishi aliandika kwa mkono, haraka, ile r ikapanda juu kidogo na mkia wake ukashuka. Aliyechapa baadaye aliona h. Cheti kikatoka Nuhu. Herufi moja, na binti yangu mwenye wiki tatu akawa na jina la nabii, la kiume waziwazi, na kisanduku cha jinsia pembeni kikasema wa kike. Nilisimama dirishani na kile cheti, wino bado unanukia, nikasikia kama naiona ile i yangu inaondoka tena. Kukisahihisha kulichukua miezi mitatu na safari ambazo sikuzihesabu. Yule mwandishi hakuwa na nia mbaya. Mimi ndiye niliyetegemea sauti.

Kabla ya kuamua, liiteni kwa sauti mkiwa chumba kingine. Amani na "jamani" yanakaribiana, na jamani tunaitamka mara ngapi kwa siku? Mtoto atageuka mara nyingi bila kuitwa. Mke wangu asingekubali, mimi naona ni kitu kidogo, ninyi mtaamua. Lisemeni pamoja na jina la baba pia. Amani likifuatwa na jina linaloanza na a, kama Ali, bado linapita, ila Amani Imani Bahati kwa mfululizo linasikika kama hotuba. Na lisemeni likiwa lenu, maana ndivyo mtakavyoitwa: Mama Amani, Baba Amani. Mimi nimeitwa Baba Nuru miaka sita sasa, na kuna wanaonifahamu kwa hilo tu.

Kwa mama mkwe, msibishane naye. Anachouliza ni swali la haki: mjukuu wake atatambulikaje? Sisi tuliliacha jina la kwanza katikati, tukawapa wazee wachague la pili, na wakachagua la bibi yake, la kike lisilo na shaka. Kwenye shughuli za ukoo wanamwita kwa hilo, shuleni anaitwa Nuru, na anaitikia yote mawili. Masingasinga wana utaratibu wa namna hiyo wa tangu zamani. Majina yao mengi ya kwanza, kama Harpreet na Gurpreet, hupewa wa kike na wa kiume sawasawa, na linalofuata ndilo husema: Singh kwa mwanamume, Kaur kwa mwanamke. Mwambie mama hilo, kisha mpe nafasi ya kuchagua la pili. Usimpe kama kifuta machozi. Jina la pili litaandikwa kwenye cheti kama la kwanza.

Na siku ya kusajili, usiende na jina kinywani. Liandike kwa herufi kubwa zilizoachana, kwenye karatasi nyeupe, majina yote kwa mpangilio mnaoutaka, umkabidhi anayeandika. Akimaliza mwombe uone kabla hajachapa, na uweke kidole kwenye kila herufi. Mwenzio naye asome, kwa sababu jicho la mzazi mmoja huona kile linachotarajia kukiona. Msitie saini mkiwa na haraka hata kama foleni nyuma yenu inaguna.

Ukishajifungua salama, rudi utuambie kama Amani amekuja.